Vidole Gumba vya Sauti ya Pili

Jumatatu, 11 Agosti

Baridi. Mlima umejifunika tangu asubuhi kama mgonjwa. Ng'ombe kagoma kutoa maziwa. Mjukuu wangu Nice yuko kitandani na kompyuta mapajani, eti anafanya kazi. Nikamuuliza kazi gani hiyo ya kulala. Akasema anasaidia watu wa programu moja ya kuandikia nyimbo za kwaya. Watu wa wapi? Wa dunia nzima. Wanakulipa nini? Hakuna anayelipwa, bibi. Ni programu huria. Kila mtu anaitumia bure, anaruhusiwa kuifungua aone ilivyoshonwa ndani, na akiona palipofumuka anashona.

Nikakaa kwenye kigoda.

Maana jana baada ya ibada nilimwambia Theresia, tena mbele ya watu, kwamba Nice kaajiriwa na Wazungu. Sikudanganya. Nilitangulia kidogo.

Theresia ni jirani yangu, mtu wa Machame, sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu ya kina mama. Mimi ni sauti ya pili. Kiongozi. Tangu mjukuu wake Reginald apate kazi kwenye ofisi yenye kiyoyozi huko Njiro, hatupumui hapa Akheri. Reginald hivi, Reginald vile. Mpaka kwenye sala anamkumbusha Mungu cheo cha Reginald.

Nice akaona nimenuna, akanieleza polepole. Kumbe ni kama mfereji wetu! Watu wote wanatoka na majembe, wanazibua, halipwi mtu, na maji yanafika kwenye migomba ya kila mmoja. Mwenyekiti yupo pia, mzee fulani wa ng'ambo. Ukimaliza kipande chako anakagua. Akiridhika, kinaunganishwa na mfereji mkubwa. Asiporidhika, unarudia. Msaragambo, kazi ya kijiji! Si angesema tangu mwanzo? Watoto wa siku hizi wanazunguka Meru nzima kufika jikoni.

Kipande cha Nice ni hiki. Kwaya zetu zinaimba kwa sol-fa, zile herufi za do, re, mi. Noti ya chini inawekewa kialama kidogo chini ya herufi. Hiyo programu ikichapisha karatasi, kialama kinapotea, na watu wanapanda badala ya kushuka. Nice kaandika maneno ya kompyuta ya kukirudisha. Ndiyo kazi yake ya kwanza kwenye mradi wa watu. Kaituma leo, kwa unyenyekevu kama anatuma posa.

Nikamwambia awahi. Baba yake, mwanangu Sifaeli, kapiga simu. Jumapili anakuja na pikapu. Anasema mwaka mzima anasomesha mtu kompyuta na hajaona hata kitu kimoja kinachofanya kazi. Kama Jumapili hakuna cha kuonyesha, Nice harudi chuo. Anapanda pikapu, anakwenda Kisongo kuuza saruji dukani kwake.

Nice akaisogeza sahani. Ndizi hakugusa.

Sifaeli anadhani ataamua yeye. Nimemzaa lakini hanijui.

Jumanne, 12 Agosti

Mwenyekiti kajibu! Kazi karudisha. Nice kanisomea kwa Kiswahili. Eti asibadilishe mambo mengi kwa mpigo, alete moja. Halafu aweke mfano wa wimbo wa kweli, ili kompyuta ijipime yenyewe kila siku kama kialama bado kipo.

Nikasema huyo mzee ana roho mbaya. Nice akasema hapana bibi, kaandika vizuri, hata kanishukuru. Nikamwambia anayekurudisha mlangoni huku anakushukuru ndiye mbaya zaidi.

Basi mfano. Tukachagua wimbo wa mavuno aliotunga Mwalimu Elinami, mwalimu wetu wa kwaya. Mwenyewe karuhusu kwa simu, kafurahi mpaka akakohoa. Tatizo ni karatasi yangu. Ni kopi ya kopi ya kopi, noti zimekuwa kama uchafu wa nzi. Nice akaniomba nimwimbie sauti ya pili, yeye aandike.

Nikajifunga kitambaa kichwani. Nikasimama katikati ya sebule. Nikaimba. Kuku walitoka, lakini kwa heshima. Pale kwenye neno "tunakuletea" sauti ya pili inapanda juu kabisa, inaipita hata sauti ya kwanza. Pazuri mno. Nimepaimba hivyo tangu Nice hajazaliwa.

Akauliza, bibi, una hakika hapo inapanda? Nikamuuliza yeye kaanza lini kuimba kwaya ya kina mama.

Kaandika kama nilivyoimba. Katuma. Hivyo ndivyo kazi inavyofanyika ukimsikiliza mkubwa.

Jumatano, 13 Agosti

Karudisha tena! Eti kialama sasa ni kizuri, lakini kwenye mfano sauti ya pili inaruka juu ya sauti ya kwanza pale katikati. Anauliza ni kweli au ni kosa.

Kosa! Sauti yangu! Mtu hajawahi hata kunisikia!

Nice akasema tumuulize Mwalimu Elinami. Nikamwambia Mwalimu kasafiri, hapatikani. (Yupo. Juzi nilimwona soko la Tengeru anajaribu viatu vya mtumba. Lakini si kila jambo la kumsumbulia Mwalimu.)

Sasa hapa kwetu mtoto haendi kwa mzee kuomba jambo akiwa peke yake kama yatima. Anakusemea mkubwa wako. Nice hana wa kumsemea huko ng'ambo, ndiyo maana anarudishwarudishwa. Nikaliona hilo mimi wa darasa la nne. Yeye wa chuo hajaliona.

Alipokwenda kukata majani ya ng'ombe nikaifungua kompyuta. Ukurasa wa Mwenyekiti uko wazi, na kisanduku cha kuandikia kipo chini, kama kinaningoja. Kuandika naweza. Kwenye kundi la WhatsApp la kwaya mimi nilianza kabla ya mchungaji. Nikaandika:

"Mwenyekiti, habari za kazi. Mimi ni bibi yake Nice, mzaa baba. Huyu mtoto namfahamu tangu tumboni. Kabatizwa, kapata kipaimara, hana mdomo. Kipande chake pokea. Sauti ya pili usiiguse, hiyo ni yangu. Ukifika Arusha maziwa yapo na ndizi zipo. Familia hawajambo?"

Nikabonyeza. Ikaenda. Nikachemsha chai kwa amani.

Nice aliporudi aliangusha mzigo wa majani mlangoni. Kumbe ukurasa ule unasomwa na dunia nzima! Na ujumbe umetoka kwa jina lake na picha yake. Kwa hiyo dunia nzima sasa inajua kwamba Nice ni bibi yake mwenyewe. Kijana mmoja wa Kakamega keshatafsiri yote, mpaka ndizi. Watu wanacheka kwa lugha nisizozijua.

Lakini chini ya maneno yangu nikaona vidole gumba vimesimama, vingi. Nikauliza hivyo vya nini. Nice, uso ndani ya khanga, akasema ni watu wanaokubali.

Wanaokubali! Kumbe kuna kura, na mtoto kaninyamazia!

Alhamisi, 14 Agosti

Mazoezi ya kwaya. Niliwahi kuliko mwenye funguo.

Kwenye kikao cha mfereji jambo linapita kwa mikono. Mikono ikiwa mingi, mwenyekiti hana ujanja, anafunga kikao tunakwenda kula. Nikawaita sauti ya pili yote nyuma ya kanisa. Elifuraha, mdogo wetu, ana simu kubwa na anaijua. Akamsajili mmoja baada ya mwingine. Kila mama akasimamisha kidole gumba. Wengine wakaongeza Amina. Mmoja kaweka picha ya waridi na maneno "Siku njema yenye baraka." Sikumkataza. Hekima ya mtu ni yake.

Theresia akachungulia kona. Akauliza, "Mama Sifaeli, ni kikao gani hicho hakina sauti ya kwanza?" Nikamwambia ni mambo ya kimataifa. Akasema amemuuliza Reginald, na Reginald kamwambia programu za bure ni kama mchicha unaobaki mnadani baada ya ibada, kila mtu anajibebea. Nikamwambia Reginald akaoge. Halikuwa jibu la kufaa lakini ndilo lililokuwa karibu.

Jioni matokeo. Mwenyekiti kafunga mjadala. Kaweka kufuli! Kaandika kwamba huko hawapigi kura, kazi inapimwa kwa kazi. Tena wageni wengi wameingia kwa pamoja wakisema neno moja, na hajui kama ni watu au ni mashine.

Mashine! Sauti ya pili ya Akheri! Tumeimba mbele ya askofu!

Nice hakulia. Bora angelia. Alifunga kompyuta akasema taratibu, "Bibi, alikuwa ameshaanza kunisikiliza." Halafu akachukua ndoo akaenda kukamua. Haikuwa zamu yake.

  Nikapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Lakini mtu mzima hakai akipanga vikombe. Kama kura imeshindwa, iko njia nyingine. Sanduku! Sifaeli atamchukuaje mtoto asiye na sanduku? Nikalitoa chini ya kitanda chake, nikalipeleka kwenye migomba, nikalifunika majani makavu. Limetulia kama kaburi. Hata mimi nikigeuka silioni.

Ijumaa, 15 Agosti

Nice kaamka na wazo la kumwandikia Mwenyekiti pembeni, kumwomba radhi. Kompyuta ikazima. Waya wa chaji uko wapi? Kwenye mfuko wa sanduku. Sanduku liko wapi?

Mimi nitajuaje waya unakaa wapi? Waya si una ukuta wake?

Kapekua nyumba nzima, mpaka pipa la pumba. Nikamsaidia. Nimetafuta kwa bidii sana kila mahali ambapo halikuwepo. Nangoja atoke kidogo nikimbie migombani, na yeye hatoki.

Mara nasikia hodi, sauti ya kwanza kabisa. Theresia! Sanduku kichwani! "Mama Sifaeli, mbuzi wangu kakata kamba, nimemkuta kwenye migomba yako anatafuna mpini wa sanduku. Mnahama mmeshindwa kuaga?"

Nikasema wezi wa siku hizi wana mbinu. Nice akaniangalia. Theresia akaniangalia. Nadhani hata mbuzi.

Nice akampa shikamoo yake, akamkaribisha chai. Ndani ya nyumba yangu! Na Theresia akishakaa hatoki bila habari. Akaona karatasi yenye uchafu wa nzi mezani, akauliza. Na huyu mtoto asiye na siri akamweleza yote. Kialama, Mwenyekiti, mfano, swali la sauti ya pili.

Theresia akaweka kikombe chini. Akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema, "Mjukuu wangu, pale pote panashuka. Bibi yako peke yake ndiye anayepanda, na wenzake wanamfuata kwa kumwogopa. Tumezoea. Tunasema ni kilio chake na Mungu."

Nikamwambia atoke. Akatoka. Akarudi! Na Biblia yake, na ndani ya Biblia karatasi kwenye nailoni, mkono wa Mwalimu Elinami mwenyewe, siku alipotuletea wimbo. Safi kama jana. Chini ya noti ile, kialama. Kidogo. Cheusi. Chini.

Nikasema wino huo umedondoka.

Nice kapiga picha. Akamwambia Theresia picha hii Mwenyekiti anaihitaji sana, ila kule kwake kumefungwa, itabidi iletwe upya kama taarifa ya kasoro. Theresia akasema vema, lakini iletwe kwa jina lake kamili, siyo la mtu mwingine, maana yeye hajawahi kuwa bibi yake mwenyewe. Wakasajili na kutuma hapo hapo mezani kwangu. Kwa chai yangu. Kwa maziwa ya ng'ombe wangu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nice kasahihisha mfano. Sauti yangu kaishusha. Sijamsemesha mpaka mchana, halafu nikasahau nikamwita kula.

Barua ya radhi kaandika fupi. Kwamba kwetu mtoto akiomba jambo mkubwa wake humsemea, na mkubwa wake ana bidii. Kwamba wale wote ni watu kweli, ni wanakwaya.

Mwenyekiti kajibu kabla ya chai ya jioni. Kufuli kafungua. Kasema picha ya Theresia ndiyo aliyoikosa siku zote, hakuwahi kuona karatasi iliyoandikwa na mkono wa mwalimu wa huku. Kasema hata kwaya ya kwao ina mama mmoja anayepanda hivyo hivyo, na hakuna anayethubutu kumwambia. Mama huyo wa kwao anaonekana ni mtu wa maana. Amebakiza kukagua mara ya mwisho, atafanya akipata nafasi.

Akipata nafasi! Kesho ni Jumapili! Nikataka kumwandikia neno moja tu la kumkumbusha. Haiwezekani. Nice sasa anatembea na kompyuta mpaka chooni.

Jioni Nice kateremka Tengeru, steshenari, kachapa karatasi mpya za wimbo wa mavuno kwa kwaya nzima, kwa ile programu yake aliyoirekebisha. Mwalimu Elinami kamwambia tutaimba nazo kesho. Kwa hiyo Mwalimu "karudi safari." Nice alinitazama alipolisema hilo. Nikaita kuku.

Jumapili, 17 Agosti

Pikapu ilifika kabla ya kengele ya pili. Sifaeli kashuka na koti la ibada. "Shikamoo mama." Marahaba. Hata hajakaa, akamgeukia binti yake. Kiko wapi? Nice akafungua kompyuta. Kazi ipo, lakini bado imeandikwa inasubiri. Sifaeli akasoma, akarudia kusoma. Akasema kusubiri na yeye anakujua, hata mteja wa mkopo anasubiriwa. Ibada ikiisha, sanduku.

Nice akachukua karatasi zake akatangulia. Mgongo umenyooka. Huo mgongo ni wa kwangu.

Tukaimba. Ndizi, mahindi na maboga mbele ya madhabahu, kanisa limejaa. Tukafika "tunakuletea." Sauti ya pili yote, macho kwenye karatasi mpya, ikashuka. Wote! Elifuraha pia! Wakateremka kama watu wanakwenda mtoni, wakaniacha juu peke yangu.

Sikushuka. Nilibaki pale pale nikaimaliza. Mtu hashushwi na karatasi.

Nyuma nikasikia mtu kacheka, mzee wa kanisa kageuka. Aliyecheka alikuwa Sifaeli.

Nje, mnadani, watu wanapandisha bei ya jogoo, Sifaeli hajagusa jogoo. Kashika ile karatasi. Yeye huimba besi kwenye kwaya ya Kisongo. Anaisogeza karibu, anaisogeza mbali. Akasema kwaya yao ina karatasi za kompyuta lakini alama za chini zote zimepotea, mwalimu wao anazichora kwa kalamu moja moja, na besi bado wanapotea. Akauliza hii kaichapa nani, mbona alama zimo.

Nice akasema, "Mimi, baba. Hizo alama za chini ndiyo kazi yangu."

Sifaeli akaitazama karatasi, akamtazama mtoto. Akauliza, hizi zote? Hizi zote, baba. Na mtu wa Kisongo akiwa na programu hii anazipata? Wakiikubali, anazipata bure, na wa Brazili anazipata. Akauliza tena, kwa sauti ndogo, na wewe hulipwi? Hapo nikaingia. Nikamwambia nani alikulipa ulipozibua mfereji ukiwa kijana, na nyanya zako zilikunywa maji ya nani?

Akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwa koti. Halafu akasema anataka karatasi za kwaya nzima ya Kisongo, besi kwanza. Akamuuliza chuo kinafunguliwa lini.

Kwenye pikapu halikupanda sanduku. Ulipanda mkungu wangu wa ndizi. Ushindi! Nilijua wimbo wangu utamgusa.

Mchana Nice akapiga kelele uani, kuku wakatawanyika tena. Imeunganishwa! Mwenyekiti kapokea! Mtoto kanikumbatia mpaka kitambaa kikadondoka. Kalia sasa, baada ya kukataa Alhamisi. Na mimi moshi wa jikoni uliniingia machoni, ingawa tulikuwa nje.

Nikamwambia anionyeshe jina. Lipo! Nice, wa Arusha, Tanzania, kwenye orodha ya waliochimba. Nikashuka chini kidogo kutafuta langu.

"Shukrani kwa Theresia, aliyeleta karatasi sahihi."

Nikashuka tena. Hakuna kitu. Nikapanda. Hakuna kitu.

Jioni Theresia kaja bila hodi, simu kaiinua mbele kama taa. Kasema hakuja kukaa. Kakaa. Kasema Reginald pamoja na kiyoyozi chake hajawahi kuandikwa huko.

Jumatatu, 18 Agosti

Baridi imepungua. Ng'ombe katoa maziwa vizuri. Nice kashuka Tengeru kuchapa karatasi za Kisongo, na kompyuta kaenda nayo, hajajifunza kuniamini.

Haidhuru. Elifuraha kapita na simu yake. Anasema akaunti za juzi zina alama mbaya. Tumefungua mpya. Jina: Sauti ya Pili Halisi. Nimeleta taarifa ya kasoro mwenyewe, kwa mkono wangu: kwanza, jina la Theresia limeingia kwa bahati mbaya, litolewe. Pili, "tunakuletea" irudishwe juu. Tatu, Mwenyekiti hajajibu kama familia hawajambo.

Kwenye kituo cha maziwa nimewaambia kwamba Nice sasa ndiye mwenyekiti. Sikudanganya. Nimetangulia kidogo.

Sauti ya pili wakimaliza kukamua watakuja hapa na simu zao. Nimeshachemsha chai ya birika kubwa. Kidole gumba cha kwanza tayari kimesimama, ni changu. Tunaongoza.